Mega ya Nini? Hesabu za Kasi ya Data kwa Mafundi wa Mombasa

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote, mabibi na mabwana. Mafundi wa mtandao, wenye saiba, makarani wa kuondoa mizigo bandarini, na nyinyi vijana mnaovuta nyaya na kufunga kamera kutoka Likoni hadi Mtwapa, karibuni.

Tunazungumzia kugeuza vipimo vya kasi ya data. Hesabu yenyewe ni kugawa na kuzidisha, mambo ya shule ya msingi. Hata hivyo, ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja hapa mjini chanzo chake ni neno moja, "mega", kabla hata waya haujaguswa. Mteja anasema ana mega 20. Fundi anaitikia. Karani wa kampuni anaandika 20 kwenye karatasi. Watu watatu wamekubaliana, na kila mmoja ana kipimo chake kichwani: wa kwanza anawaza megabiti, wa pili megabaiti, wa tatu anawaza bando la simu, ambalo halina uhusiano na kasi hata kidogo. Pwani hii imepima nafaka kwa kibaba na pishi karne na karne, na mnunuzi hakuwa akienda sokoni akasema "nipe nne" kisha akanyamaza. Alisema vibaba vinne, na muuzaji akajua ni pishi moja. Sisi tunauza na kununua kitu kisichoonekana kwa macho, kwa hiyo haja yetu ya kutaja kipimo ni kubwa kuliko yao.

Tuanze na herufi, maana makosa mengi yamo humo. Biti ni sifuri au moja. Baiti ni biti 8. Biti huandikwa kwa b ndogo, baiti kwa B kubwa. Kwa hiyo Mbps ni megabiti kwa sekunde, na MB/s ni megabaiti kwa sekunde, na kati ya hizo mbili pana tofauti ya mara 8. Kwa herufi hiyo moja mteja anaweza kuamini kwamba ameibiwa sehemu 7 kati ya 8 za alichokilipia. Herufi ya kwanza nayo ina kanuni yake: M kubwa ni milioni, k ndogo ni elfu, G ni bilioni, T ni trilioni. Ukiandika m ndogo, kwa vipimo vya kimataifa umeandika mili, yaani sehemu moja ya elfu. Msomaji atakusamehe. Programu nyingine hazisamehi, na nitazitaja.

Wengi huamini kampuni za intaneti zilichagua biti ili namba ionekane kubwa kwenye mabango. Tusiwaambie wateja hivyo, kwa sababu si kweli. Kasi ya laini imepimwa kwa biti tangu zama za modemu za simu, kwa kuwa laini husukuma biti moja nyuma ya nyingine, wakati diski na kumbukumbu hupanga vitu kwa baiti. Tena baiti haikuwa na biti 8 tangu mwanzo. Neno hilo lilibuniwa mwaka 1956 na Werner Buchholz wa IBM, na mashine za miaka ile zilikuwa na baiti za ukubwa mbalimbali. Mhandisi wa mawasiliano angeihesabia vipi laini kwa kipimo ambacho kila mashine ina chake? Ndiyo maana hadi leo nyaraka za mitandao hutumia neno okteti pale zinapotaka kusema biti 8 bila utata.

Sasa tuje kwenye jambo la pili, ambalo hata mafundi wakongwe huliruka. Kilo ni ngapi? Kwenye kasi ya mtandao kilo ni 1,000, siku zote, bila ubishi. Megabiti 1 kwa sekunde ni biti 1,000,000 kwa sekunde. Lakini kwenye mafaili Windows huhesabu kilobaiti kuwa baiti 1,024, na megabaiti kuwa 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,048,576, kisha huandika MB ile ile. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ilitoa majina ya kutenganisha hesabu hizi: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, zikiandikwa KiB, MiB na GiB. Linux huyatumia mara kwa mara. Kompyuta za Mac zilihamia kwenye hesabu ya elfu mwaka 2009. Windows imebaki na desturi yake. Kwa hiyo faili moja likiwekwa kwenye kompyuta mbili mezani pako litaonyesha ukubwa tofauti, na hakuna kilichopotea.

Pengo hili hukua kadiri namba inavyokua. Kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye mega karibu asilimia 4.9, kwenye giga asilimia 7.4, kwenye tera karibu asilimia 10. Diski iliyoandikwa 4 TB dukani itasoma karibu 3.64 kwenye Windows. Ukimweleza mteja kabla hujafungua boksi, atakuelewa. Ukimweleza baada ya kufunga na kudai malipo, ataona unajitetea.

Hesabu ya msingi basi ni hii, na naomba mfuate mpangilio wake, kwa sababu anayeanza katikati hupotea. Shuka kwanza hadi biti tupu. Kisha gawa kwa 8 upate baiti. Mwishoni kabisa amua kama unagawa kwa milioni moja au kwa 1,048,576. Tuchukue laini ya 20 Mbps. Hizo ni biti 20,000,000 kwa sekunde. Gawa kwa 8: baiti 2,500,000. Kwa hesabu ya elfu ni 2.5 MB/s. Kwa hesabu ya Windows ni 2.38. Ukirudi nyuma, zidisha: skrini ikisema 2.38, zidisha kwa 1.048576, kisha kwa 8, utapata 20 kasoro kidogo.

Ziko nanga mbili za kushika kichwani. Ya kwanza: 8 Mbps ni megabaiti moja kila sekunde. Kwa hiyo gigabaiti moja kwa 8 Mbps huchukua sekunde 1,000, ambazo ni dakika 16 na sekunde 40. Laini ya 16 hutumia nusu ya muda huo, laini ya 4 hutumia maradufu. Ya pili: laini ya 1 Mbps ikijaa kutwa kucha hupitisha gigabaiti 10.8, kwa sababu siku ina sekunde 86,400. Kwa siku 30 ni gigabaiti 324. Nanga hii ya pili ndiyo inayounganisha kasi na bando. Anayelalamika kwamba bando la GB 1 "limenyonywa" afanyiwe hesabu: kwa 20 Mbps, gigabaiti moja huisha kwa sekunde 400, chini ya dakika 7. Simu iliyoachwa ijisasishie programu usiku inaweza kulimaliza kabla mwenyewe hajageuka kitandani.

Lakini mteja akipima haoni 2.5, wala 2.38. Mara nyingi huona 2.26 au chini yake. Hapa ndipo panapohitaji ufundi wa kweli.

Data haisafiri uchi. Kila pakiti, yaani kifurushi cha data, ya Ethernet, mtandao wa waya, hubeba hadi baiti 1,500, na ndani ya hizo, baiti 20 ni kichwa cha IP, chenye anwani za mtumaji na mpokeaji, na 20 nyingine kichwa cha TCP, kinachohakikisha kila kipande kimefika. Zinabaki 1,460 za mzigo wako. Nje ya pakiti kuna baiti 14 za anwani za Ethernet, 4 za kuhakiki makosa, 8 za utangulizi, na nafasi tupu ya baiti 12 kabla pakiti ya pili haijaingia. Jumla waya hutumia muda wa baiti 1,538 kupeleka baiti 1,460. Gawa, utapata asilimia 94.9. Laini ya 100 Mbps kwa hiyo hupeleka mzigo wa 94.9, na mara nyingi 94.1, kwa kuwa mifumo mingi huongeza baiti 12 za kupima muda kwenye kichwa cha TCP. Ukiona 94 kwenye kipimo cha waya wa 100, usitafute kosa. Hiyo ndiyo 100 yenyewe.

Ukiunganisha vipande hivi vitatu, yaani 8, 1.048576 na hizo asilimia 94.9, kigawanyo chake ni karibu 8.8. Nashauri tutumie 9. Megabiti gawa kwa 9, utapata megabaiti ambazo Windows itaonyesha kwenye waya mzima usio na msongamano: 100 inatoa 11.1, na skrini husema 11.2 au 11.3, 1,000 inatoa 111, na skrini husema karibu 113. Na ukitaka kumwahidi mteja, gawa kwa 10. Ahadi ya kugawa kwa 8 ni ahadi ya kitu ambacho laini haiwezi kukitoa hata siku ambayo nyumba nzima imelala.

Nyongeza kidogo hapa. Laini ya nyumbani haibanwi na waya, hubanwa na ruta ya kampuni, na ruta mara nyingi haihesabu utangulizi wala nafasi tupu. Ndiyo maana mtu wa 20 Mbps anaweza kupima 19 na zaidi. Na kampuni nyingine huachia kidogo juu ya kiwango ili kipimo kisome namba kamili. Usishangae kuona 21.

Sasa vifaa, maana kila kifaa kinasema lugha yake. Programu ya kupima kasi ya iperf3, ambayo kila fundi anastahili kuwa nayo kwenye kompyuta yake, huchanganya vipimo viwili kwenye mstari mmoja: kiasi kilichopita huandikwa kwa megabaiti za 1,048,576, na kasi huandikwa kwa megabiti za milioni. Ukipima sekunde 10 kwenye waya wa 100 utaona 112 MBytes na 94.1 Mbits/sec. Anayegawa 112 kwa 10 kisha akazidisha kwa 8 hupata 89.6, akadhani programu imekosea. Haikukosea: 112 ile izidishwe kwa 1.048576 kwanza. Windows nayo ina nyuso mbili. Kidirisha cha kunakili faili huonyesha MB kwa sekunde, na kidirisha cha utendaji wa mtandao huonyesha Mbps, vyote vikiwa wazi kwa wakati mmoja na vikitaja safari ile ile.

Kwenye ruta za MikroTik, ukiandika max-limit, yaani kikomo cha kasi, ya 2M/10M, M hapo ni megabiti za milioni, na namba ya kwanza ni ya kupakia, ya pili ni ya kupakua, kwa mtazamo wa mteja. Kuzigeuza ni kosa la kawaida sana, na dalili yake ni mteja anayelalamika kwamba filamu zinakwama lakini anatuma mafaili kwa kasi ya ajabu.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye tc, amri ya Linux ya kufunga kasi. Ndani yake mbit ni megabiti, lakini mbps ni megabaiti kwa sekunde. Aandikaye rate 5mbps akidhani amemfungia jirani megabiti 5, amemwachia 40. Amri inakubali bila kulalamika, laini nzima inajaa, na unaweza kukesha ukitafuta virusi. Na rsync, programu inayotumiwa kunakili mafaili ya akiba usiku, huhesabu bwlimit, kikomo chake cha kasi, kwa kibibaiti: bwlimit ya 500 ni baiti 512,000 kwa sekunde, yaani 4.1 Mbps. Ofisi yenye laini ya kupakia ya 4 Mbps imejaziwa laini yote, na asubuhi barua pepe haziendi kwa sababu akiba ya usiku bado haijakwisha.

Wale mnaofunga mizani za magari na mashine za risiti kwa waya wa mfululizo, kigawanyo chenu ni kingine kabisa. Kwa mpangilio wa kawaida, kila herufi ya biti 8 hutanguliwa na biti moja ya kuanza na kufungwa na moja ya kumaliza. Jumla ni 10. Kwa hiyo kasi ya 9600, yaani biti 9,600 kwa sekunde, ni baiti 960 kwa sekunde, si 1,200. Programu ya mizani ikisubiri ujumbe kwa muda uliopigiwa hesabu ya 8, itakata tamaa mapema na kuandika sifuri kwenye tiketi ya uzani.

Baada ya kujua namba inayopaswa kuonekana, ndipo tunaweza kuuliza kwa nini haionekani. Nitaeleza sababu zile ninazoziona kuwa na faida zaidi hapa kwetu.

Kunakili kutoka seva kukiganda kwenye 11.2 au 11.3 MB/s bila kupanda wala kushuka, na vifaa vyote ni vya gigabiti, usiguse seva. Geuza namba: 11.2 mara 1.048576 mara 8 ni karibu 94. Kiungo kimeshuka hadi 100. Gigabiti huhitaji jozi zote nne za nyaya, lakini 100 huridhika na jozi mbili, pini 1 na 2, na pini 3 na 6. Jozi moja ikikatika au pini ikishika kutu, swichi hushuka yenyewe na kuendelea kimya kimya. Hewa ya chumvi ya pwani hii hula plagi za bei ya chini ambazo mguso wake umepakwa dhahabu nyembamba mno, hasa zile zilizo kwenye maboksi ya nje ya majumba yanayotazama bahari. Kata plagi, funga mpya kwa rangi sahihi, pima tena. Ikishindikana, chunguza waya wenyewe: waya wa alumini uliopakwa shaba hukatika ndani bila kuonyesha jeraha nje. Namba 11.2 imekuokolea saa nzima ya kubahatisha.

Wi-Fi nayo husema namba isiyo ya mzigo. Simu yenye antena moja kwenye masafa ya 2.4 GHz huonyesha kiungo cha 72 Mbps. Hiyo ni kasi ya hewani wakati wa kusema, na hewa hairuhusu wawili kusema pamoja: kuna kusubiriana, kuna kukiri kupokea, kuna majirani. Kinachofika ni kama nusu yake hata ukiwa karibu na ruta. Ndani ya nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chumba cha pili kinaweza kubaki na sehemu ndogo tu. Kwa hiyo usipime laini ya mteja kwa Wi-Fi kisha ukaandika ripoti ya laini. Chomeka waya, pima, andika. Kisha pima Wi-Fi na uandike kwenye mstari wake.

Na kuna ucheleweshaji usiotokana na kasi ya laini, unatokana na umbali. Mwanga ndani ya fiba hukimbia kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Kebo ya kilomita 5,000 huchukua milisekunde 25 kwenda na 25 kurudi, kabla hata ruta moja haijafikiria. Sasa chukua kifaa cha zamani kinachokubali kutuma baiti 65,535 tu kabla ya kusubiri jibu. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 150, hizo ni biti 524,280 kila sekunde 0.15, yaani 3.5 Mbps. Laini iwe ya 20 au ya 1,000, muunganisho ule mmoja hautavuka 3.5. Dalili yake ni wazi: faili moja linakwenda 3.5, lakini ukipakua mafaili manne kwa pamoja kila moja linapata 3.5 yake. Ukiona hivyo, laini ni nzima. Tazama mipangilio ya kifaa au ya VPN, ile njia ya siri ya kupitishia data.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kitu ambacho wakubwa wetu hapa wanakikumbuka. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kwenda ng'ambo. Setilaiti ile iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe ukipanda na kushuka, kisha jibu likapanda na kushuka, ni karibu nusu sekunde. Baiti 65,535 kwa nusu sekunde ni 1.05 Mbps, basi. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika ufukweni hapa Mombasa mwaka huo wa 2009, na EASSy mwaka uliofuata, upana uliongezeka, lakini muda wa kusubiri nao ulianguka, na huo ndio uliofanya kurasa zifunguke upesi. Mji huu ndio mlango wenyewe. SEACOM ilianza na uwezo wa usanifu wa 1.28 Tbps. Tuigeuze: ni 1,280 Gbps, au 1,280,000 Mbps, au gigabaiti 160 kila sekunde. Igawe kwa watu wa 20 Mbps, watatosha 64,000 wakijaza laini zao kwa wakati mmoja. Kwa nchi nzima, na jirani zake, si wengi. Ndiyo sababu uwezo wa kebo huongezwa na kebo mpya huletwa.

Nikiwa hapo hapo, wale mnaokutana na laini za zamani za simu za E1 mtaona 2,048 kbps, na namba hiyo huwafanya watu waseme kwamba kumbe mtandao nao hutumia 1,024. Hapana. Ni vipande 32 vya 64 kbps, na 64 hiyo ni sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde mara biti 8. Kilo yake ni elfu. Inatoa baiti 256,000 kwa sekunde kamili, ambazo kwa kibibaiti ni 250 kamili.

Kamera. Hapa hesabu hulipa moja kwa moja, kwa sababu mteja hununua diski kwa neno lako. Kamera 8, kila moja 2 Mbps, ni 16 Mbps, yaani megabaiti 2 kwa sekunde. Zidisha kwa 86,400: gigabaiti 172.8 kwa siku. Diski ya 4 TB itadumu siku 23. Mteja mwenye duka Kongowea ametaka siku 30? Zitahitajika gigabaiti 5,184, kwa hiyo diski ya 6 TB, au ushushe kila kamera hadi 1,400 kbps, ambapo siku 30 hula gigabaiti 3,629 na panabaki nafasi ya diski kupumua. Ukishusha hadi 1,536 utaona 3,981 kwenye karatasi na kufurahi, lakini kirekodi nacho hujichukulia nafasi yake, na siku ya 30 ndiyo itakayofutwa. Kutazama kutoka nyumbani ni hesabu nyingine: laini ya kupakia ya 4 Mbps haiwezi kutoa mikondo 8 ya 2 Mbps. Tumia mkondo mdogo, 256 kbps kwa kamera, jumla 2,048, na ubakishe nafasi ya mashine ya malipo.

Makarani wa bandarini, yenu ni ya kupakia, na laini nyingi hutoa upakiaji mdogo kuliko upakuaji. Nyaraka za mzigo zilizoskaniwa kwa rangi, tuseme megabaiti 45, kwenye upakiaji wa 3 Mbps: 45 mara 8 ni 360, gawa kwa 3, sekunde 120, na vichwa vya pakiti vikiongezwa ni kama 127. Mtu mmoja atavumilia dakika mbili. Watu kumi wakituma pamoja jioni ya mwisho wa muda, kila mmoja anasubiri zaidi ya dakika 20, na tovuti nyingi hazisubiri kiasi hicho; hukata, na kazi inaanza upya. Kabla ya kununua laini kubwa, punguza skani kutoka dpi (nukta kwa inchi) 300 hadi 150. Nukta hubaki robo, na faili hushuka kukaribia robo. Maandishi yatasomeka bado. Mihuri iliyofifia ikague kwa jicho.

Diski za nje na flashi nazo tuzitaje kwa kifupi. USB 2.0 imeandikwa 480 Mbps, ukigawa kwa 8 ni 60, lakini kwa kweli hutoa 30 hadi 40 MB/s. USB 3.0 ya 5 Gbps hutuma biti 10 kwa kila baiti, kwa hiyo gawa kwa 10: 500 MB/s, na pungufu zaidi kwenye matumizi. SATA, kiungo cha diski za ndani, ya 6 Gbps hivyo hivyo, 600. Kadi ya kumbukumbu ya daraja la 10 imehakikishiwa kuandika 10 MB/s tu, ambazo ni 80 Mbps. Laini ya fiba ya 100 inaweza kuwa na kasi kuliko kadi unayohifadhia.

Ninalowaomba ni kuhusu karatasi. Kwenye kotesheni na kwenye ripoti, neno "mega" peke yake liondoke. Tuandike hivi, na mwaweza kunakili sasa: "Kasi ya kupakua 20 Mbps, megabiti kwa sekunde, kupakia 5 Mbps, kasi ya faili inayotarajiwa kwenye Windows kwa waya ni 2.0 hadi 2.3 MB/s, megabaiti kwa sekunde. Imepimwa kwa waya, kompyuta moja, saa nne asubuhi na saa mbili usiku." Vipimo viwili vya saa tofauti, kwa sababu laini inayogawanywa na mtaa haina tabia moja mchana na usiku. Mteja atie sahihi chini ya mistari hiyo, nawe ubaki na nakala.

Ahsanteni sana. Wenye kompyuta zao hapa na waje mbele, tufunge iperf3 na kupima waya wa ukumbi huu.